Kabari ya Oloo

Mume wangu Oloo ni fundi wa makochi hapa mtaani Satellite, Nairobi, na tangu nimjue hajawahi kushika misumari mkononi. Huijaza mdomoni, akaibana kwa meno, akaitoa mmoja mmoja. Kukaa kitako bila kazi hawezi. Hata kanisani huyu mtu hukagua viti.

Mwezi uliopita taya lake likagoma. Likifunguka kidogo linalia ko, kisha linakwama, na kwa siku nzima kilichopita ni uji tu. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Wazazi wa kijana anayemwoa binti yetu Awuor walikuwa wanakuja kututembelea, na kwetu baba wa msichana hawezi kukaa bubu mbele ya wakwe. Kaka yake Oloo, Ochola, alijitolea kumsemea. Oloo alitikisa kichwa, akaizunguka meza mpaka mimi nikapata kizunguzungu.

Nikampeleka Parklands kwa Urvashi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimpapasa mbele ya masikio, akamwambia abandike ncha ya ulimi juu kwenye kaakaa, afungue mdomo polepole bila kuubandua, na akome kabla ya maumivu. Meno yasigusane ila wakati wa kula.

"Mzee, hii si kazi ya nguvu," akamwambia. "Na misumari usiweke tena kwa mdomo. Usiku pia unauma meno sana. Kuna kitu inakusumbua?"

Oloo akatazama dari.

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, nao hawakuwahi kuishi na Oloo. Siku chache baadaye nilimkuta nyuma ya karakana amechonga kabari ya mbao, ameichomeka kati ya meno, anaigonga kwa kiganja.

"Baba Awuor, hiyo ni mdomo ama ni mlango?" nilimuuliza. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa.

Jioni shavu lilikuwa limefura. Nilimfokea mimi, Urvashi akamfokea kwa simu. Kuanzia hapo akawa anakaa mbele ya kioo, ulimi juu, anafungua na kufunga taratibu, huku macho yakienda mlangoni kama mtu anayengoja habari mbaya.

Wageni walipofika, vidole viwili viliweza kuingia kinywani. Tulikula. Ochola akajikohoza ili aanze kusema, lakini Oloo akawa ameshasimama.

"Awuor," akasema polepole, "ukikosa amani huko, rudi. Hiyo room yako siwezi kodisha mtu."

Kwetu msichana akishaolewa ameolewa, na baba hatamki neno kama hilo, tena mbele ya wakwe. Ochola aliinamisha uso. Dada yao Mercyline aliwahi kurudi nyumbani amepigwa, jicho halifunguki, na wazee wakamrudisha kwa mumewe siku hiyohiyo. Oloo alikuwepo, kijana mkubwa, akauma meno asiseme kitu. Mercyline tulimzika huko kwa mumewe.

Baba wa kijana aliweka kikombe chini. "Caren," akaniita kwa utaratibu, "na wewe mama unasema nini?"

Nikasimama kando ya Oloo.

"Funguo ya hiyo room," nikamwambia, "nitakaa nayo mimi."