Asteria na Mkono wa Shati

Asteria Holo, jirani yangu hapa Pangani ya Kibaha, alikuwa anashona midomo ya magunia ya chakula cha kuku katika kiwanda kimoja cha Zegereni. Ikaletwa mashine kutoka nje inayojaza na kushona yenyewe, na wanawake wote wa kitengo chake wakaambiwa basi. Kiwanda kikaahidi kumsomesha kila mmoja fani moja tu: ushonaji, upishi au uchomeleaji. Jibu Ijumaa. Ukikosea, shauri yako.

Aliyepoteza kazi hapungukiwi washauri. Mumewe, Ngusa, alisema ushonaji, kwani si ndiyo kazi yake miaka yote? Mwenzake wa kiwandani, Hajira, akamtaka waende wote upishi. Mimi nami, kwa kiherehere changu, nikasema kuchomelea, nikachekwa. Asteria akachanganyikiwa kabisa, akawa anawasha jiko na kusahau kubandika sufuria.

Alhamisi akaniomba nimsindikize Kisarawe kwa Bi Maulida, fundi cherehani aliyewahi kuwa jirani yetu.

"Shikamoo, bibi. Nataka kujua kama kazi hii nitaiweza."

"Marahaba. Kaa hapo, nipindie mkono huu wa shati."

Asteria akakanyaga cherehani. Mshono ukatoka umenyooka hata nikaanza kujutia maneno yangu. Bi Maulida akaushika ule mkono, akaugeuza huku na huku.

"Mwanangu, umeuziba. Mwenye shati atatolea mkono wapi?"

Tulicheka wote isipokuwa Asteria. Aliufumua, akarudia, akauziba tena kama gunia. Machozi yakamtoka, nami nikaona aibu.

"Mazoea yana taabu," alisema Bi Maulida, "lakini utayaacha. Ila usije huku ukidhani kuna neema. Mitumba na madera ya kutoka nje yameniachia kubadilisha zipu tu."

Tulirudi Kibaha tumechanganyikiwa kuliko tulivyokwenda.

Kesho yake nikamsindikiza hadi kiwandani. Bado alikuwa hajui. Karani akamuuliza amechagua nini, naye akaitazama mikono yake.

"Uchomeleaji."

"Una uzoefu wowote?"

"Sina. Ndiyo maana."

Tulipotoka nje alinishika bega.

"Mama Firdausi, wewe ndiye uliyesema kuchomelea. Kwa nini ulisema vile?"

Nikamwambia ukweli: niliropoka tu, nisibaki nyuma ya washauri wengine.