Barua ya Fundi Cherehani

Hospitali nzima tulimwita Sista Chujio, na si kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kupokea barua za rufaa kutoka zahanati zote na kuzipanga kwenye trei tatu: nyekundu, mgonjwa aonwe na bingwa wiki hii; njano, mwezi huu; kijani, asubiri zamu yake, na zamu hiyo ilikuwa miezi mitatu mambo yakienda vizuri. Bingwa wa upasuaji alikuwa mmoja. Wakubwa walimpigia Sista simu kuhusu shangazi zao, akawasikiliza kwa adabu zote, akaziacha barua palepale zilipokuwa.

Kilichompandisha hasira ni neno HARAKA. Zahanati zilikuwa zimejifunza ujanja. Mtu ana chunusi, HARAKA. Mtu anaumwa kiuno tangu ujana wake, HARAKA SANA, kwa wino mwekundu. Sista akawa halitazami kabisa neno lile, anasoma maelezo ya ugonjwa tu. Kisha akazunguka zahanati moja moja kufundisha.

"Msiniandikie haraka," aliwaambia. "Niandikieni mlichokiona na mlichokishika kwa mikono. Haraka nitaiona mwenyewe."

Walimpigia makofi, wakaendelea na yao. Tabibu mmoja tu, wa zahanati ya mwisho wa barabara, ndiye aliyemtii.

Mimi nilikuwa karani wake kwa miaka sita, meza yangu imegusana na yake. Alipokwenda likizo ya mwezi, niliachiwa trei. Uuguzi sikusomea. "Si umemwona akifanya miaka yote hiyo?" alisema mganga mkuu, nami nikavimba kichwa. Barua sitini kila asubuhi! Nikashika njia ya mkato: yenye HARAKA nyekundu, isiyo nayo kijani. Saa nne nimeshamaliza, nakunywa chai, namcheka Sista kimoyomoyo kwa kujichosha bure.

Barua moja niliyoitupa kwenye kijani ilikuwa ya mdogo wake Sista, fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Sista ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha, akamnunulia na hiyo cherehani. Nami sikujua, maana fundi alitumia jina la mumewe. Wala yeye hakusema. Kila Jumapili alikula kwa dada yake, akaosha vyombo, akaondoka kimya, kwa sababu dada hataki undugu uletwe kazini. Alisubiri simu ya hospitali kwa wiki kumi na tatu.

Siku fundi alipoonwa, Sista alirudi kutoka chumba cha bingwa na barua mkononi, akaiweka mbele yangu.

"Soma. Kwa sauti."

Nikasoma. "Uvimbe titi la kushoto, mgumu, hausogei. Ngozi imevutwa ndani. Tezi za kwapa zimevimba."

"Wewe si muuguzi. Lakini kwa uliyoyasikia hapo, ungeiweka wapi?"

"Nyekundu, Sista."

"Ugonjwa umeshafika kwenye ini," alisema. "Hakuna cha kupasua tena."

Nilitamani anitukane, anipige, anipeleke kwa mganga mkuu. Alivuta kiti chake, akaanza barua za siku hiyo. Jina langu halikufika popote. Aliniambia mara moja tu kwamba kosa ni lake, aliyefundisha tabibu akasahau kumfundisha karani, na ningeona nafuu kama angesema kwa ubaya.

Tulimzika fundi kabla mwaka haujaisha. Wiki mbili baadaye simu ya ofisi ikalia, nikaipokea mimi. Ilikuwa ni yule tabibu wa mwisho wa barabara, sauti imenywea.

"Nimesikia habari za yule mama fundi," alisema. "Niambie ukweli, ndugu yangu. Barua yangu ilikuwa na kasoro gani? Nimeirudia kichwani hata usingizi sipati. Ningeandika HARAKA, wangemwona mapema?"

Sista aliacha kuandika. Akanitazama, kalamu imesimama juu ya karatasi, akingoja.

"Barua yako haikuwa na kasoro, Daktari," nilisema.

"Sasa alicheleweshwa na nini?"

Nikamwambia foleni ilikuwa ndefu.