Dabo Kebini ya Randa

Jirani yangu seremala, ambaye mtaa mzima unamwita Randa, alinunua gari kama anavyonunua mbao. Aliligonga kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio. Aliinama, akafumba jicho moja, akaangalia kama limepinda. Alilinusa. Habari za injini hakuuliza.

Aliyemuuzia alikuwa mchomeleaji. Pikapu hiyo ilitoka kiwandani na kebini ya watu wawili tu. Mchomeleaji akaikata nyuma ya kiti cha dereva, akapachika hapo kipande cha gari jingine lililopinduka, pamoja na milango yake na kiti kirefu cha nyuma. Ikawa dabo kebini, buluu mbele, na nyuma buluu nyingine iliyokuwa haielewani na ya kwanza. Milango ya mbele ilifungwa kwa mkono, ya nyuma kwa teke.

"Mzee, tazama kiungo hiki," Randa aliniambia, akipapasa mahali magari mawili yalipooana. "Huyu jamaa ana mkono."

"Mkono anao. Injini je, ina umri gani?"

"Injini ni chuma, mzee wangu. Chuma hakiliwi na mchwa."

Mtu akishapenda, wewe shahidi tu.

Gari lilikuwa na kazi moja. Shule iliyo ng'ambo ya mji ilitaka madawati sitini, na Ijumaa kabla ya adhuhuri kamati ilikuwa ikutane kuchagua fundi kwa kuangalia madawati sita ya mfano. Mshindani wa Randa alikuwa mfanyabiashara wa viti vya plastiki. Miaka miwili ilikuwa imepita bila karakana kupata kazi ya maana, maana siku hizi mtu ananunua kitanda kikiwa ndani ya boksi, akifika nyumbani anakiunga mwenyewe kama mtoto anayecheza. Randa alikuwa ameapa: akikosa shule hii anafunga karakana na kwenda kukaa kwa mwanawe, kwenye kochi la sponji, angoje kufa.

Madawati aliyamaliza Jumatatu. Jumanne, mikono ikimwasha, akaligeukia gari. Kiti cha nyuma kilikuwa na nundu katikati. Alipokiinua akakuta chini yake daraja la bati lililokunjwa ovyo, limeshikiliwa na kipande cha tairi.

"Hii ni kazi au matusi?" aliuliza, akalitupa uani.

Akatengeneza fremu ya mbao za mkangazi, na boriti moja nene katikati ya kubebea uzito. Akaipiga msasa mahali ambapo hakuna jicho la binadamu litakalofika. Kiti kikakaa sawa kama meza. Nami nilisifu, nakiri.

Jumatano tukatoka kulijaribu. Mimi nilikaa mbele. Nyuma alikaa mama mkwe wake, ambaye ndiye fundi wa vanishi katika karakana ile, na hakuna aliyewahi kumshinda. Ni mama mwenye mwili wa heshima. Kabla ya kufika sokoni gari likakohoa mara tatu, likazimika.

Fundi wa gereji ya jirani akaja. Kwa adabu sote tukashuka kumsalimu, mama mkwe akaegemea ukuta. Fundi akafunua boneti, akawasha. Gari likanguruma kama simba.

"Mbona gari ni zima?"

"Lilikuwa limekufa," Randa akasema.

"Basi tubadilishe koili."

Zamani fundi alikuwa anatengeneza. Sasa anabadilisha. Koili ikabadilishwa, tukapanda, tukafika kwenye mtaro wa pili, likazimika. Tukashuka, likawaka. Alhamisi fundi mwingine alisema ni kabureta, na kitabu changu cha magari, ambacho hakina jalada wala kurasa thelathini za mwanzo, kilikubaliana naye. Kabureta ikasafishwa. Mama mkwe akapanda, tukaenda mwendo wa kuivuta sigara moja. Likazimika.

Kufikia hapo mimi na Randa tulishajua. Gari lilizimika akiwamo mama, likawaka akishuka. Lakini nani angesema? Mkwe hamtazami mama mkwe machoni wakati anakula. Atawezaje kumwambia habari za uzito wake?

"Labda kesho mama apumzike nyumbani," Randa alijaribu jioni ile, akiongea na kopo la vanishi.

"Nipumzike nimechoka na nini? Vanishi yangu ikikwaruzwa njiani utaitengeneza wewe?"

"Hapana, mama."

"Basi kesho saa tatu niko mlangoni."

Ijumaa tukapakia madawati, yamefungwa kwa magunia, na mama akapanda. Randa aliendesha akiwa ameshika pumzi, kana kwamba hilo lingepunguza mzigo. Saa nne na nusu, kwenye kilima kirefu, shule ikionekana kwa mbali, likakohoa.

"Kabureta," Randa alisema haraka.

"Kabureta," nikaunga mkono.

Mama mkwe alishuka taratibu, akazunguka hadi dirisha la dereva.

"Nyinyi wanaume wawili, mnaniona mimi mtoto? Nikikaa linakufa. Nikishuka linafufuka. Siku tatu mnanificha maiti ambayo nimeikalia mwenyewe!"

Randa akatazama usukani. Mimi nikatazama milima.

"Washa," akaamuru. Likawaka. Akafungua mlango wa nyuma, akakandamiza kiti kwa mikono yote miwili, akaegemeza uzito wake wote hapo kama anayekanda unga. Tukahesabu. Kabla ya themanini, gari likazimika.

Akakifunua kiti. Pale chini mpira wa petroli ulipita katikati ya sakafu, kwani mchomeleaji hakuwa na njia nyingine ya kuupitisha, na juu yake imelala ile boriti ya mkangazi. Mpira ulikuwa umebonyea bapa kama ulimi wa mbwa.

"Haya," akasema mama. "Boriti hii nani kaiweka?"

Randa akakuna kisogo.

"Si nauliza?"

"Mimi, mama."

"Imepigwa msasa vizuri."

Daraja la bati, lililokuwa likiukinga mpira huo, lilikuwa uani nyumbani. Randa akatoa patasi na nyundo ya mti, akapiga magoti ndani ya gari na kuanza kuichimba boriti yake mwenyewe, mfereji wa kupitisha mpira, vipande vyekundu vikiruka. Sijamwona akifanya kazi kwa uso ule tangu alipotengeneza jeneza la baba yake. Ilimchukua nusu saa, maana hata katika msiba huu wa boriti alitaka kona ziwe sawa.

Tulipofika, kamati ilikuwa imeshainuka. Viti vya plastiki vilipangwa barazani, vyekundu, vinang'aa. Mwenyekiti alikuwa anakunja suruali apande baiskeli. Randa akamkimbilia amebeba dawati kichwani.

Mwenyekiti alikuwa kijana. Alilipapasa, akalipindua, akalizunguka mara mbili.

"Fundi, misumari iko wapi?"

"Halina, mwenyekiti. Ni ulimi na tundu. Mbao inashikana na mbao."

"Halina hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Watoto sitini wakalie kitu kisicho na msumari? Likiachia nitawaambia nini wazazi?"

Randa akakipapasa kiungo cha dawati. Angeanzia wapi? Ningeweza kumweleza kijana yule kwamba zipo meza za namna hiyo zilizowazika wamiliki watatu watatu, lakini alikuwa anaangalia saa.

Mama mkwe akamsogelea Randa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akinong'ona. "Mwekee misumari, mwanangu. Yenye vichwa vikubwa. Aione."

Randa hana misumari. Ikabidi akaazime kwa mlinzi wa shule. Akapiga miwili kila upande, mahali ambapo haikushika chochote, na kila alipopiga alifumba macho. Mwenyekiti akalitikisa dawati, akatabasamu.

"Sasa hili ni dawati. Sitini, kabla ya muhula kuanza. Yote hivi hivi."

Njiani kurudi Randa aliendesha polepole mpaka kwenye kilima. Kisha akauliza, bila kunitazama, misumari yenye vichwa vikubwa inauzwa wapi.