Boti ya Bi Verna

Yadi ilikuwa imeuzwa, na boti yoyote ambayo ingekutwa nchi kavu mwisho wa Mei ingepondwa na katapila. Tangazo lilibandikwa mlangoni tangu ziwa likiwa bado na barafu. Verna Stahl alilisoma mara moja tu, akaenda zake kusimama chini ya boti yake, Wilhelmina.

Verna alikuwa dereva wa basi la shule, na mji mzima ulimjua kwa sauti yake ya kunyamazisha watoto. Yeye na mumewe Ray waliijenga boti hiyo kwa mikono yao, ubao kwa ubao, katika banda la nyuma ya nyumba. Ray alikata mbao. Verna alipinda mataruma, mbavu za boti, kwa mvuke, akaziba maungio kwa kalafati ya pamba, akapaka vanishi kila masika. Halafu Ray alifariki, nyumba ikauzwa, na Verna akahamia chumba cha nyuma kwa dada yake, mahali ambapo hata viatu vyake vilikuwa vikisogezwa ili mlango ufunguke. Kilichobaki duniani kilichotoka mikononi mwake kilikuwa hiki, kimeegemea vyuma, kimekauka.

Kununua hakuna aliyetaka. Watu wa siku hizi wanataka boti za plastiki, ambazo unaziosha kwa mpira wa maji na kuondoka. Basi Verna akaamua kuitoa sadaka. Katika ufuko ule wa ziwa, huko Ohio, Marekani, si jambo geni: mtu akichoka na boti yake hulipigia simu shirika la hisani, shirika huja kuichukua, huiuza, na fedha huenda kwa wagonjwa au maveterani.

Shirika la kwanza lilimtuma kijana aliyeweka jicho kwenye ubavu wa Wilhelmina akaona mwanga wa upande wa pili.

"Mama, hii ina nyufa."

"Si nyufa, mwanangu. Imekauka tu. Ikikaa majini siku chache, mbao zinavimba, zinajifunga zenyewe."

"Kwa hiyo unataka niitie majini ijae maji, halafu nisubiri?"

"Ndivyo boti ya mbao ilivyo."

Kijana alicheka kwa adabu na hakurudi. Shirika la pili halikuangalia hata injini.

Hapo ndipo Verna alipofanya jambo ambalo mjenzi yeyote wa boti za mbao angemzomea kwalo. Alinunua gundi ya makopo mawili, ile ambayo ukiichanganya inakuwa ngumu kama jiwe, akaisindilia katika kila upenyo kuanzia mkuku, uti wa chini wa boti, hadi juu, akaisugua kwa msasa, akapaka rangi. Boti ikawa nzuri ajabu. Verna alijua vizuri alichokifanya. Mbao zikivimba hazitapata pa kwenda; zitasukumana mpaka mataruma yapasuke, mojamoja, ndani, mahali pasipoonekana. Lakini alijiambia kwamba shirika litaiuza, na mnunuzi wa boti ya mbao lazima awe mtu anayejua, naye ataikwangua gundi kabla ya kuishusha. Alijiambia hivyo asubuhi na jioni, kama mtu anayemeza dawa.

Wa tatu kuja alikuwa Odette Farrow, mwanamke wa makamo mwenye koti la mvua na mikono ya kazi. Alipanda, akashuka, akagonga ubavu, akawasha injini ikaitika.

"Nani alitunza hii?"

"Mimi."

"Basi Mungu akubariki, Bi Verna. Ninaichukua."

"Mtapata bei nzuri," Verna alisema.

"Bei ya nini? Hatuiuzi. Sisi tunawapeleka vipofu ziwani. Boti yetu imekufa injini, na watu wananipigia simu kila siku: Odette, lini? Kuna mzee mmoja anasema harufu ya dizeli ndiyo likizo yake." Alipapasa ubao kwa kiganja. "Na hii ina vishikio vya mbao kila mahali. Watapenda kuishika."

Hilo ndilo Verna alilokuwa akiliota: watu ndani ya Wilhelmina, mikono juu ya vanishi yake, si dalali na mnada. Sasa ndoto hiyo ilikuwa imesimama mbele yake na kalamu mfukoni, na ingeweza kuzama na watu.

"Usiichukue," alisema.

"Umeghairi?"

"Nimesindilia gundi ngumu kwenye nyufa. Ili msione. Ukiishusha majini itapasuka mataruma."

Odette aliondoa mkono wake kwenye ubao. Hakupandisha sauti. "Ningewapakia humu watu wasioona hata maji yakiwafika miguuni."

"Najua."

"Hapana, hujui. Ungejua usingefanya." Aliokota mkoba wake. "Ijumaa nakuja kuchukua boti ya daktari wa meno, ile ya plastiki pale mwisho. Usinisubiri."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya katapila.

Verna alianza kukwangua jioni ileile. Gundi haikutoka kwa huruma. Alitumia ndoano ya chuma, patasi, moto wa bomba la gesi, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na mahali pengine patasi ikala ubao wenyewe. Duane Pruitt, msimamizi wa yadi, alikuja kusimama nyuma yake na kikombe cha kahawa.

"Bi Verna, umeitia jiwe?"

"Niache, Duane."

"Shemeji yangu ni mjinga wa kuzaliwa, na hata yeye hawezi kufanya hivi."

"Msalimie. Sasa nipe patasi nyingine au uondoke."

Duane alileta patasi mbili, akapiga magoti upande wa pili.

Walipomaliza, Verna alitia kalafati mpya ya pamba, laini, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Alhamisi asubuhi Duane aliishusha Wilhelmina kwa kreni, akaiacha ikining'inia kwenye mikanda, nusu majini. Maji yaliingia kutoka kila upande kwa sauti ya mvua. Pampu ilinguruma ikashindwa. Verna akashika ndoo akaanza kuyafua, kuyachota na kuyamwaga nje, akainama na kuinuka, akainama na kuinuka, na maji yakabaki palepale.

"Mbao zinahitaji siku zaidi," Duane alisema kutoka gatini.

"Sina siku zaidi."

"Hilo ndilo ninalosema."

Alifua hadi giza, akalala ameketi karibu na pampu, akafua tena. Ijumaa kulipopambazuka nyufa nyingi zilikuwa zimejifunga. Zilizobaki ni zile ambazo patasi ilikula ubao, na hizo ziliendelea kuingiza maji. Huko juu yadini katapila lilikuwa limekwishaanza safu ya kwanza. Kila boti ilitoa mlio mmoja, kisha vipande.

Duane alikuja amevua kofia. "Nahitaji kreni. Lazima niishushe boti ya daktari. Niipandishe yako, au niachie mikanda?"

"Ukiipandisha?"

"Unajua inakokwenda."

"Achia."

"Bi Verna, ukiacha kufua itazama hapahapa."

"Kwa hiyo sitaacha. Achia, Duane."

Mikanda ikalegea. Wilhelmina ilishuka kidogo, ikayumba, ikakaa. Verna hakupata nafasi ya kuitazama.

Odette alifika wakati boti ya plastiki ikishushwa. Alipita gatini bila salamu, akafika mwisho, akarudi. Alisimama gatini, juu ya alipokuwa Verna, akitazama ngama, sakafu ya ndani ya boti yanakokusanyika maji, akahesabu kimoyomoyo muda wa maji kupanda.

"Umeikwangua yote?"

"Yote."

"Hapa umeukata ubao."

"Na pale. Na chini ya injini. Sikufichi."

Odette alitazama safu ya pili, ambako katapila lilikuwa likigeuka. Akatukana kwa sauti ndogo. Akaenda kwenye boti ya daktari, akarudi na kamba nene, akamrushia ncha.

"Funga hapo mbele. Naivuta hadi gati letu. Mwaka huu hapandi abiria hata mmoja, na fundi wangu akisema mbao hizo hazibadilishiki, naivunja mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na wewe unakuja humohumo. Siwezi kuendesha na kufua."

Verna alifunga kamba kwa vidole vilivyokuwa vikivuja damu. Injini ya boti ya daktari iliitika, kamba ikakaza, gati likaanza kurudi nyuma. Duane alipunga mkono. Verna hakumpungia, kwa sababu maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na ndoo ilikuwa na kazi.