Kikombe cha Kwanza cha Kisima

Ofisini kwetu daftari la mahudhurio hukaa mezani kwa katibu muhtasi. Saa moja na nusu mkuu wa idara hulichukua na kupiga mstari mwekundu chini ya jina la mwisho. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jina langu huwa chini ya mstari. Siku hizo, saa kumi na moja alfajiri, ninakuwa nimeshaketi hospitalini, sindano mbili zikiwa mkono wa kushoto, mashine ikinisafisha damu kwa saa nne. Nikitolewa nachukua bajaji hadi kazini, bandeji ikiwa imefichwa na shati la mikono mirefu.

Mkuu alikuwa na barua ya daktari kwenye jalada langu. Wenzangu hawakuambiwa, kwa hiyo walijitafutia maelezo.

"Huyu ana shamba la zabibu Ihumwa," alisema mmoja. "Anamwagilia kwanza, serikali baadaye."

Nilicheka nao. Kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza.

Kazi yangu ni kukabidhi visima. Napokea majibu ya maabara, nakwenda kijijini, naandika taarifa. Alhamisi moja mkuu aliniita, akafunga mlango.

"Nakuuliza kama dada yako. Uwandani bado unaweza? Masjala kuna nafasi. Utakaa kivulini na majalada."

"Naweza."

"Jumapili kuna kisima Kondoa."

"Nitakwenda."

Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi nilipoihesabu ile Jumapili. Kutoka Ijumaa hadi Jumatatu ndilo pengo refu kuliko yote katika wiki yangu. Figo zangu hazitoi mkojo tena, hivyo ninachokunywa hubaki mwilini mpaka mashine ikitoe. Nimeruhusiwa nusu lita kwa siku, pamoja na chai, mchuzi na maji ya kumezea dawa. Nikizidisha, miguu hujaa na pumzi hunikatika nikilala chali. Lakini nilikuwa nimeshasema nitakwenda, na masjala ilikuwa inanisubiri.

Kulikuwa na jambo jingine. Katika vijiji vile hakuna anayeteka maji ya kisima kipya kabla mtaalamu hajanywa kikombe cha kwanza mbele ya watu wote. Nilipokuwa mzima nilikuwa nakunywa viwili, kwa mbwembwe. Tangu niugue nilikuwa naonja tu, na hakuna aliyewahi kugundua.

Jumapili tuliondoka asubuhi, mimi na dereva wa ofisi, mtu mnene mwenye maneno mengi. Kwa mwenyekiti wa kijiji tulikaribishwa chai ya maziwa. Nilikunywa nusu kikombe, nusu nikaiacha ipoe, nikaandika kwenye kijitabu changu. Pamoja na maji ya dawa, yalikuwa yamebaki mafunda machache mpaka kesho.

Kisimani ndoo zilikuwa zimepangwa mstari mrefu. Bibi mmoja wa kamati ya maji alipampu mwenyewe, akajaza kikombe cha bati kikubwa mpaka kikamwagika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kunywa."

Nikagusisha midomo, nikameza kidogo. Yalikuwa baridi na matamu, na mwili wangu wote uliyataka.

"Maji mazuri," nilisema, nikamrudishia kikombe.

Hakukipokea. "Umeonja. Yule wa kisima cha mwanzo naye alionja, akasema matamu. Tukanywa chumvi mpaka mbuzi wakasusa."

Watu walicheka, ila hakuna aliyesogeza ndoo. Nilitazama kikombe. Kilikuwa na karibu nusu lita, posho yangu ya siku nzima, juu ya ile niliyokwisha kuitumia. Nisiponywa, nitarudi na kisima kilichokataliwa. Moyo ulikuwa unanienda mbio, na sikujua kama ni hofu au ni yale maji ya tangu Ijumaa.

Nikakunja mkono wa shati.

"Bibi, figo zangu zimekufa. Nikinywa, maji hayana pa kutokea mpaka kesho alfajiri, kwa mashine. Leo nimeshakunywa ya kwangu."

Bibi akaweka vidole juu ya mshipa wangu uliovimba, ambao madaktari waliuunganisha na mwingine kwa ajili ya sindano. Huwa unatetema mchana na usiku.

"Unanguruma," alisema. Kisha kwa sauti: "Mwenyekiti! Huyu ana pampu mkononi!"

"Hiyo nayo imeshakabidhiwa?" mtu akauliza kutoka nyuma, na safari hii hata mimi nilicheka.

Bibi akamgeukia dereva. "Na wewe? Figo unazo?"

"Ninazo, bibi, lakini mimi dereva tu."

"Si mmetoka ofisi moja? Kunywa."

Akanywa chote. Nilitazama koo lake likipanda na kushuka.

"Cha pili."

Akanywa cha pili. Ndoo ya kwanza ikasogea.

Njiani kurudi, tulipopita Chemba, dereva akapunguza mwendo.

"Kumbe si zabibu."

"Si zabibu."

Nilijua kabla ya saa nne kesho yake ofisi nzima itakuwa imesikia.

Jumatatu nilipanda mizani. Uzito ulizidi kwa kilo mbili na nusu. Nesi hakusema kitu, na kwake hiyo ni sifa. Kwenye kiti nilijaza fomu ya makabidhiano kwa mkono wa kulia. Ina mstari usemao: Maji yamenywewa na. Niliuruka, nikajaza mengine, nikaurudia. Nikaandika: dereva.

Mkuu aliisoma mimi nikiwa nimesimama.

"Kwa nini dereva?"

Nikamweleza yote, pamoja na mbuzi. Hakucheka. Nilisubiri neno masjala. Badala yake akavuta kalenda ya mezani.

"Mtera kuna visima viwili. Jumanne na Jumatano, mnalala huko."

Neno "nitakwenda" lilikuwa tayari mdomoni. Nililimeza.

"Jumatano siwezi."

Sikuwahi kumwambia hivyo. Alinitazama, akaitazama kalenda. Kalamu nyekundu ilikuwa pale karibu na daftari. Akaipita, akachukua penseli, akafuta kisima cha pili kwenye Jumatano kwa kifutio na kukiandika kwenye Alhamisi, kwa maandishi hafifu yanayofutika.