Samaki Mwenye Alama

Kila nikisikia harufu ya jodari akikaangwa, naona haya, hata nikiwa peke yangu.

Mama alinunua mmoja katika soko la Gikomba, Nairobi, wa kutoka Mombasa. Tulipofika nyumbani akakuta uzi wa plastiki wa manjano, wenye namba, umechomekwa mgongoni mwa samaki. Kwao Ukambani, ng'ombe mwenye alama sikioni ana mwenyewe. Tukamrudisha sokoni mbio.

"Chukua," Mama alimwambia muuzaji. "Huyu ni wa mtu."

"Mathee, hiyo huwekwa na watafiti, wajue samaki anahamia wapi baharini."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena kuwashinda wote.

Mama alinitazama mimi tu. Jioni alimkaanga samaki yuleyule, na kipande kikubwa kuliko vyote akaniwekea mimi.