Kuanzia Pembeni mwa Sinia

Mimi sijawahi kuziogopa hesabu. Zenyewe ndizo zilizonifanyia visa. Mtihani wa takwimu chuoni Mtwara uliuliza hivi: mifuko ya saruji ina wastani wa kilo hamsini na mkengeuko sanifu wa kilo moja, ukiokota mfuko wowote, kuna uwezekano gani uwe chini ya kilo hamsini na moja? Nikachora kile kilima chenye umbo la kengele, nikatia kivuli kuanzia kushoto kabisa mpaka kilo hamsini na moja, nikaingia kwenye jedwali la maeneo ya kilima hicho, nikatoka na 0.8413. Nikaongeza nusu kama nilivyozoeshwa sekondari, nikaandika bila hata kupepesa macho: 1.3413.

Sasa, eneo lote chini ya kile kilima ni moja. Ukilitia kivuli lote, kushoto mpaka kulia, unapata moja, basi. Mwalimu alirudisha karatasi yangu na wino mwekundu: "Dada, uwezekano wako umezidi uhakika." Akaisoma kwa sauti. Darasa zima likacheka, mimi nikanuna mpaka jioni, na sapu nikapewa, yaani mtihani wa marudio.

Sapu yenyewe isingeniuma hivyo. Kilichoniuma ni mwanangu. Tangu nianze chuo alikuwa analelewa kijijini Kitaya na mama mkwe wangu, maana mimi na mume wangu tulikuwa na chumba kimoja Rahaleo, hapo Mtwara mjini, naye kazi yake ya bandarini ni ya zamu. Tulikubaliana kwamba nikimaliza namchukua. Lilikuwa limebaki somo hilo moja tu. Nikifaulu, mtoto anarudi kwangu. Nikifeli, narudia mwaka naye anabaki huko. Na tayari mtoto alikuwa anamwita bibi yake "mama", mimi ananiita "mama wa Mtwara", kana kwamba nimeteuliwa na serikali.

Wiki chache kabla ya sapu kulikuwa na hitma ya marehemu baba mkwe. Nikaenda Kitaya na jedwali langu mkobani. Mimi ni mtu wa Tukuyu, ndoa yetu ilifungwa bomani, na kwetu kila mtu ana sahani yake. Huko wanawake tuliketi mkekani kulizunguka sinia moja la pilau. Ilikuwa imelundikwa katikati ikapanda, nyama zote kileleni, halafu inateremka polepole hadi ukingoni, ambako zilibaki punje za kubahatisha. Njaa ilikuwa inanisokota. Nikapeleka mkono moja kwa moja juu kwenye nyama.

Mama mkwe akanipiga kofi dogo mkononi.

"We mkamwana! Huko katikati unafuata nini? Huko ndiko baraka inakoshukia. Anza pembeni hapo kwako, ule ukija ndani."

"Mwacheni msomi wetu," wifi yangu akadakia. "Wenzenu huanzia kwenye jibu."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nilimchukia wifi kwa dakika nzima. Nikaanza pembeni kama nilivyoamriwa. Tonge la kwanza likawa la huruma, la pili likanenepa kidogo, na kadiri nilivyosogea ndani ndivyo mkono ulivyojaa. Nikawaza kwamba mtu akilila sinia hivi kutoka ukingo wa kushoto, akifika katikati atakuwa ameshamaliza nusu yake. Anayeanzia katikati, akifika hapohapo, bado hajala kitu.

Hapo nikaacha kutafuna. Jedwali la sekondari lilikuwa linaanza kupima katikati, ndiyo maana tulikuwa tunaliongezea nusu ya kushoto. Jedwali la chuo linaanza pembeni kabisa. Nusu hiyo imo tayari. Mimi nilikuwa nimekula nusu ya sinia, nikaomba nyingine juu yake! Nikainuka na mafuta mkononi, nikakimbilia mkoba.

"Kapandwa na mashetani?" mama mkwe akauliza.

"Hapana mama, nakuja."

Niliangalia jedwali kwenye sifuri, yaani pale katikati ya kilima. Limeandika 0.5000. Nikabusu karatasi, inanuka bizari mpaka leo.

Siku ya sapu nikaingia kifua mbele. Swali likataka uwezekano wa kuwa chini ya mkengeuko mmoja na nusu juu ya wastani. Nikalifungua jedwali waliloambatanisha, nikasoma 0.4332, kalamu ikashuka kuandika. Halafu nikashtuka. Mahali penyewe ni kulia kwa kilele. Kivuli kimeshapita nusu ya kilima, inakuwaje kiwe chini ya nusu? Nikarudi kwenye sifuri. Limeandika 0.0000. Watu wale walikuwa wametuletea jedwali la kuanzia katikati! Nikaongeza nusu, nikaandika 0.9332, nikamtazama mwalimu kwa jicho baya sana. Yeye akatabasamu.

Matokeo yalipotoka nilimpigia mama mkwe kabla hata ya mume wangu.

"Mama, nimefaulu!"

Alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kisha kimya. Nilidhani ni mtandao, maana Kitaya ukisogea kidogo simu inashika wa Msumbiji.

"Mama, upo?"

"Nipo." Akakohoa. "Kwa hiyo unakuja kumchukua."

"Ndiyo, mama."

"Njoo, ni mwanao. Nilikuombea ufaulu, kweli nilikuombea. Sikujua Mungu ana haraka hivi."

Miezi yote ile nilikuwa nahesabu nitakachopata, na sikuwahi kumfikiria mtu nitakayemnyang'anya. Nikamwambia nitakuja kukaa naye wiki nzima, na kwamba nguo za mtoto asizikunje yeye. Nitazikunja mwenyewe nikifika.